Viti Vilivyomngoja Mama

Nahodha alikuja mbio akikatiza gatini, mto wa kiti kwapani, akipiga kelele tangu kwenye duka la vipuri mpaka mlangoni kwa dada yake.

"Amekubali! Mdogo wangu, amekubali! Mama anavuka!"

Dada yake, ambaye gati zima lilimwita Fundi, alikuwa amepiga magoti juu ya kiti cha gari la mtu na mdomo wake umejaa pini. Alizitema kiganjani moja moja, bila haraka, maana habari njema si sababu ya mtu kumeza pini.

"Anavuka lini?"

"Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kasema mwenyewe, kwa kinywa chake! Nilipomuuliza mara ya pili akaniambia nikimuuliza tena atabadili mawazo. Basi nikakimbia."

"Ukaenda na huo mto mpaka kwa Mama?"

"Sasa ningeuacha wapi?"

Tangu mtu asiyejulikana aibe jaketi la uokozi kwenye boti, kaka yake hakukubali tena kuuacha mto wa kiti chake cha unahodha. Kila aliposhuka aliuchomoa, akaubana kwapani, akaondoka nao. Alikwenda nao benki na msibani. Kinyozi wake alishazoea: mteja anakaa kiti kimoja, mto unakaa cha pili, na wanaosubiri wanasubiri wima.

Lakini kisa chenyewe hakikuanzia kwenye mto huo. Kilianza kwa Mama.

Nahodha alikuwa amejenga ng'ambo, akaoa, akaweka mapazia, akapanda maua, na kwa miaka yote hiyo mama yake mzazi hakuwahi kuiona nyumba hiyo hata paa lake. Mama aliogopa maji. Tatizo ni kwamba neno "naogopa" halikuwahi kutoka mdomoni mwake. Yeye alitoa sababu. Zamani, boti ya Nahodha ilipokuwa na mbao tupu za kukalia, sababu yake ilikuwa mbao.

"Mimi nikae juu ya ubao kama kuku?" aliuliza. "Siku utakapokuwa na boti yenye viti vya heshima, mwanangu, nitakuja mwenyewe bila kuitwa."

Mtoto mwingine angeelewa kwamba amenyimwa kwa adabu. Nahodha alielewa viti. Alijinyima, akahangaika, akarudi na boti yenye viti vya ngozi ya bandia, rangi ya maziwa, vimeshonwa kwa vipande vyenye umbo la almasi, na kila kimoja kimefungwa nailoni ya kiwandani kama peremende. Siku hiyo hiyo, mbele ya watu, akala kiapo: nailoni hiyo haitaondolewa mpaka Mama aje, na mwili wa kwanza kugusa ngozi hiyo utakuwa wa Mama.

Mama akaleta sababu ya upepo. Ulipotulia upepo, goti likamuuma. Lilipopona goti, kuku wake alikuwa amelalia mayai na hakuwa na wa kumwachia. Na viti vikaendelea kungoja ndani ya nailoni, huku abiria wakivikalia hivyo hivyo.

Jua la pale halina mchezo. Saa za asubuhi nailoni ililowa na watu wakateleza. Mchana iligeuka gundi. Abiria aliyevaa kaptura alisimama kwa awamu mbili: kwanza yeye, halafu mapaja yake, nayo yakitoa mlio wa bandeji inayobanduliwa. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akivuka na gazeti la kukalia, akashuka ng'ambo na habari za michezo zimejichapa kwenye suruali yake nyeupe.

Fundi alikuwa amesema mpaka koo likamkauka. Kazi yake ni viti. Alijua kiti kilichofungwa nailoni juani ni sufuria iliyofunikwa. Maji ya mawimbi na jasho la watu yanapenya kwenye mikunjo, yanapikwa humo ndani mchana kutwa, hayana pa kutokea. Na alikuwa ameona kitu. Chini ya nailoni, kwenye mishono, palikuwa na vidoa kama pilipili manga iliyomwagika.

"Kaka," alisema sasa, "kwa kuwa Mama anakuja, nifungulie kiti kimoja tu nichungulie."

"Thubutu!"

"Kuna vidoa."

"Ni vivuli."

"Vivuli vya nini?"

"Vya mawingu."

"Kaka, niliviona siku ambayo hakukuwa na wingu."

"Mdogo wangu," Nahodha alisema, akiupapasa mto wake kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke, "nimevumilia maneno ya abiria, nimevumilia ya mke wangu, sasa zimebaki siku za kuhesabu kwa vidole. Jumamosi nitaivuta nailoni mbele ya Mama mwenyewe, chraaa! Atakaa. Atavuka. Atalala kwangu. Usiniharibie."

Akaondoka, anatembea kama anacheza ngoma.

Fundi alibaki na pini zake kiganjani. Hakuwa na wasiwasi na viti. Kiti ni kiti. Aliyempa wasiwasi ni mwenye sababu zake. Mama alikuwa amekubali, ndiyo, lakini alikuwa anakuja gatini akitafuta kwa macho yote mawili kitu cha kumrudisha nyumbani. Doa moja jeusi lingemtosha. Angefungua mwavuli wake, angesema "Nilisema viti vya heshima," angekwenda zake, na hapo hata helikopta isingemvusha. Na kaka yake, mtu mzima mwenye mvi, angeendelea kuishi kwenye nyumba ambayo mama yake hajawahi kuikanyaga.

Akaenda kumtafuta wifi yake.

Mke wa Nahodha ndiye aliyeita abiria na kukata tiketi, na sauti yake ilisikika gati la pili. Yeye na Fundi walipendana kama mawifi wanavyopendana, yaani kila mmoja alimchunguza mwenzake sahani zilivyooshwa.

"Umesubiri viti viharibike ndipo uje kwangu?" Wifi aliuliza.

"Nimekuja kukuomba tule njama."

"Njama ya nini?"

"Ya kumfungua mumeo nailoni."

Wifi akainua kidogo ukingo wa gauni, akaonyesha baka nyuma ya goti. "Unaona hapa? Hapa ngozi yangu ilibaki kwenye kiti cha tatu. Tunaanza lini?"

Walianza mchana ule ule, Nahodha alipokwenda kwa mshonaji kujipimia shati jipya. Mto wake, kama kawaida, ulikwenda naye. Boti ilikuwa imefungwa pembeni, mahali penye kivuli cha jengo la ghala, na waliopita waliona wanawake wawili wakifagia, jambo ambalo halijawahi kumshtua mtu.

Fundi alikipindua kiti cha kwanza, akaanza kung'oa pini za kiwandani kwa ncha ya bisibisi, akizitia moja moja kwenye kopo la maziwa ili zirudi kwenye matundu yake. Nailoni ikalegea. Akaivuta.

Harufu iliwasukuma wote wawili nyuma.

"Mungu wangu," Wifi alisema, pua amebana. "Hiki ni kiti au mkate uliosahauliwa kabatini?"

Kuvu ilikuwa imetambaa kwenye kila mshono, nyeusi tititi, na katikati palikuwa na madoa ya kijivu yenye manyoya. Ngozi ya rangi ya maziwa ilionekana huku na huko, kama inaomba msaada.

"Usihofu," Wifi alisema, akakunjua mfuko wake. "Nimekuja na vifaa." Akatoa steliwaya ya kusugulia masufuria na chupa ya dawa kali ya kung'arisha mashuka.

"Hivyo ni vifaa vya kuulia mtu. Rudisha."

"Lakini hii inang'arisha!"

"Inang'arisha leo. Kesho inakula uzi. Kiti kinakaa kizuri kabisa, mpaka siku mama mnene wa samaki atakapokikalia, mshono unaachia prrr, na sponji linachungulia nje. Na hiyo steliwaya inakwaruza. Kila mkwaruzo ni nyumba mpya ya uchafu. Chukua brashi hii."

"Hii? Hii si ya kuswakia mtoto?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Laini. Nenda na mshono, usiukatize."

Wakafanya kazi. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwanza, kuondoa mafuta ya ngozi na jasho la watu. Kisha siki iliyozimuliwa kwa maji, wakaipaka kwenye kuvu na kuiacha itulie, ifanye kazi yake. Wifi hakuweza kuiacha itulie. Kila mara alinyoosha kidole aguse, na kila mara Fundi alimpiga kikofi.

"Wifi, una haraka kama mtu anayepika mayai."

"Na wewe una taratibu kama mtu asiye na mume anayerudi."

Walisugua, wakafuta, wakasuuza, wakafuta tena. Mito yenye zipu waliifungua, wakayasimamisha masponji kwa ubavu penye upepo, kivulini, maana jua kali lingeyafanya makavu kama tosti na ngozi ingepasuka. Viti vilipokauka, Fundi alivipaka dawa ya kukinga jua, kidogo kidogo, kwa kitambaa.

"Mbona havimeremeti?" Wifi aliuliza. "Ningekuwa mimi ningevipaka mafuta mpaka vijione."

"Kiti si shavu la bibi harusi. Ukikipaka mafuta, wimbi la kwanza abiria wote wako kwenye kona moja."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaanza kusimulia, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, jinsi alivyopanga sebule yake kwa ajili ya Jumamosi: makochi mapya ya kitambaa, laini, rangi ya bluu, hakuna hata mtoto wa jirani aliyeruhusiwa kuyagusa kwa mikono yenye mafuta. "Akikaa Mama kwenye hayo, hataki kuondoka tena. Utaona."

"Asipoondoka utajuta."

"Nitajuta nikiwa nimekaa pazuri."

Ilibaki sehemu iliyomuuma Fundi rohoni. Kukirudisha kiti safi ndani ya nailoni kulikuwa kama kumwogesha mtoto kisha kumvisha nepi ile ile. Basi akaiosha nailoni nayo, akaikausha, akafunga, akarudisha pini kwenye matundu yake. Iliwachukua mchana huo na mchana uliofuata. Mara ya pili Nahodha, aliyekwenda kwa kinyozi, alirudi mapema kuliko walivyodhani, wao wakiwa wanapigilia pini ya mwisho.

Alisimama mlangoni mwa boti, nywele zimechongwa, mto kwapani. Akanusa.

"Mbona humu mnanuka saladi?"

"Abiria mmoja alimwaga chakula chake," Wifi alisema haraka. "Tumefagia mpaka migongo inatuuma, hata asante hatujapata."

Nahodha alipita kiti kwa kiti, akipapasa. Kwenye kiti cha nne alisimama.

"Hiki kibandiko cha kiwanda kilikuwa kushoto."

Fundi alimtazama Wifi. Wifi ndiye aliyekirudisha kile.

"Joto, mume wangu," Wifi alisema, uso mkavu kabisa. "Vitu vinasogea kwenye joto."

Nahodha alifikiri. "Kweli," alisema. "Hata mlango wetu wa jikoni jana ulikataa kufunga."

Akaenda kukaa kwenye kiti chake, akiupachika mahali pake mto, bado ndani ya nailoni yake. Fundi akauona.

"Wifi," alinong'ona. "Umebaki ule mto."

"Ule hatuupati. Analala nao."

"Unasema tu."

"Wifi yangu, uko katikati yetu kitandani. Sijui mimi ni mke wa kwanza au wa pili."

Wakajifariji kwamba ule ni wa Nahodha mwenyewe. Ataukalia yeye, na nailoni yake nani ataigusa?

Jumamosi gati lilijaa watu waliojifanya wana shughuli. Wenye boti nyingine waliegemea milango yao. Nahodha alikuwa ndani ya shati jipya ambalo kola yake ilimkaba akawa anageuka mwili mzima. Na Mama akaja, polepole, amevaa sweta kwenye joto lile, mwavuli mkono mmoja, mkoba mkono wa pili, na leso nyeupe imekunjwa tayari kati ya vidole.

Ile leso Fundi aliijua. Mama hakuweza kupita karibu na uchafu akauacha. Alishawahi kuosha vikombe vya watu waliomwalika chai. Hospitalini, akisubiri daktari, alilisugua benchi la wagonjwa kwa sabuni yake mwenyewe mpaka zamu yake ikapita, naye akarudi nyumbani ameridhika, bila dawa.

"Shikamoo, mama," walisema wote watatu.

"Marahaba. Haya, viko wapi hivyo viti?"

Alishikwa mkono, akaingia botini. Boti ikacheza kidogo, na Fundi aliona vidole vya mama yake vikibana mwavuli mpaka vikabadilika rangi. Nahodha hakuona. Nahodha alikuwa ameinama kwenye kiti cha kwanza kama mtu anayezindua jengo la serikali. Akavuta. Chraaa! Cha pili, chraaa! Cha tatu. Gati likaguna. Viti vilitokea kimoja kimoja, rangi ya maziwa, safi, vimetulia. Nahodha akayafuta macho kwa nailoni, jambo ambalo halikumsaidia.

"Mama, tazama! Miaka yote! Havijaguswa!"

Wifi akakohoa.

Mama akapitisha leso juu ya kiti. Akaitazama. Nyeupe. Akapitisha kwenye mshono, akaisokomeza mpaka ndani. Nyeupe. Uso wake ukaanza kuhangaika, kama mtu aliyeufikia mlango akakuta umefungwa.

"Vizuri," alikiri. "Vizuri mno. Nitavichafua. Afadhali nirudi nikabadilishe gauni."

"Mama, hivyo ni vya abiria!" Nahodha alisema, na furaha ilikuwa imempanda kichwani. "Wewe hukai kwa abiria. Wewe unakaa kwangu!"

Fundi akapiga hatua. "Kaka, hapo kuna jua..."

Alichelewa. Nahodha alikuwa ameshaupachika mto wake, ameshika nailoni, amevuta.

Chraaa.

Hakuna aliyeguna. Mto ulikuwa mweusi, wa kijani, na pembeni ulikuwa na rangi ambayo Fundi, pamoja na kazi yake yote, hakuwahi kuijua jina. Mtu mmoja gatini alivua kofia.

Nahodha alisimama na nailoni mkononi kama mtu aliyeshika ngozi yake mwenyewe. Alivitazama viti vya abiria, akautazama mto wake, akavitazama tena viti.

Na Mama akapumua. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Haya," alisema kwa upole. "Nimeona. Mimi nilisema viti vya heshima, mwanangu. Pole sana. Labda mwaka kesho." Akafungua mwavuli, akageukia ngazi.

Fundi aliiangalia leso ile nyeupe ikienda zake. Akapiga moyo konde. Akachukua ndoo ya maji iliyokuwa chini ya kiti, akachukua brashi, tena si ile laini bali brashi ya sakafu, akapiga magoti mbele ya mto, na mbele ya gati zima, mbele ya wateja wake wote wa jana na wa kesho, akaanza kusugua vibaya.

Alisugua kwa mduara. Alisugua akiruka madoa. Aliuchovya mto maji mengi upande usio na doa, akaupapasa kwa brashi kama mtu anayefukuza inzi aliyelala.

Nje mwenye boti mmoja alimwuliza mwenzake, "Huyo si ndiye niliyempa viti vyangu?"

"Ndiye huyo."

"Nakwenda kuvichukua."

Fundi akajikaza kisabuni, akaendelea kupapasa.

Mwavuli ukasimama kwenye ngazi.

"Wewe kitinda mimba," Mama alisema bila kugeuka. "Unafanya nini?"

"Nasugua, mama."

"Huko ni kusugua, au unamkuna paka?"

"Ndivyo tunavyosugua sisi mafundi, mama."

Mwavuli ukafungwa. Paaa! "Mafundi! Nimekusomesha ufundi ukasomea huo? Pembeni umepaacha! Hapo, hapo, umeparuka! Ondoka. Ondoka nakwambia, unanitia aibu mbele za watu!"

Akashuka, akaipindua ndoo tupu ya pili, akaikalia, akaitupia leso begani, akakunja mikono ya sweta, akaunyakua mto na kuuweka mapajani, kichwa chake kikainama. "Maji ya uvuguvugu yako wapi? Mnasugua kuvu kwa maji baridi? Nani aliyewalea?"

Wifi alikimbia akaleta chupa ya maji ya moto. Alipopita, macho yake yalikutana na ya Fundi, na yakaelewa. Akamwendea mumewe, aliyekuwa bado amesimama kama nguzo ya umeme, akamkanyaga mguu.

"Injini," alinong'ona. "Taratibu. Ukiikohoza nakuacha."

Nahodha aliiwasha injini kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Kamba ikaachiwa. Gati likaanza kurudi nyuma, pamoja na watu wake waliofungua midomo.

"Mama, taratibu, hiyo si sufuria," Fundi alisema, sasa kwa sauti yake halisi, akimbadilishia brashi. "Chukua laini hii. Ukikwaruza unaujengea uchafu nyumba."

"Nimesugua kabla hujazaliwa."

"Ulisugua masufuria, mama. Hii ni ngozi. Nenda na mshono."

Mama akajaribu. Doa likafifia. "Mh," alisema. "Basi kwa nini wewe ulikuwa unafanya ule upuuzi?"

Fundi akamsogezea kitambaa. Walikuwa wamefika katikati ya maji. Upepo uliingia kutoka pande zote mbili, ukaipeperusha leso iliyokuwa begani kwa Mama.

"Upepo huu unatoka wapi?" Mama aliuliza, kichwa chini.

"Ni feni, mama," Wifi alisema.

Tone la maji likaruka kutoka pembeni, likamdondokea Mama mkononi. Mama akalitazama.

"Feni yako inatema mate?"

Wifi akatoa ulimi akaurudisha ndani.

"Nyie watoto," Mama alisema, brashi haikusimama, "mimi ndiye niliyewazaa, si nyinyi mlionizaa mimi. Nilijua tangu kamba ilipoachiwa. Nikiinua kichwa hapa nitapiga kelele wanisikie mpaka huko tulikotoka. Kwa hiyo siinui. Leteni siki."

Hakuna aliyecheka. Nahodha, aliyekuwa akiendesha kwa kusimama kwa kuwa kiti chake kilikuwa kinaoshwa, alipunguza mwendo, akaibeba boti ile juu ya kila wimbi kama trei ya mayai. Fundi alipiga magoti kando ya ndoo, goti lake likigusa la mama yake, akawa anampa siki, kitambaa, maji, kitambaa. Akahisi goti lile linatetemeka. Akasogea karibu zaidi, akasema tu, "Hapo kwenye pembe, mama, kuna kidogo bado."

"Nimekiona. Nina macho."

Boti ikagusa gati la ng'ambo. Kamba ikafungwa. Mto ulikuwa karibu mweupe, umebakiwa na kivuli kimoja tu kama cha wingu. Ndipo Mama akainua kichwa. Aligeuka nyuma, akayatazama maji yale yote, mapana, yanametameta juani, na ule upande mwingine ulioonekana mdogo kama kiberiti.

"Yote hayo?"

"Yote, mama," Nahodha alisema.

"Mh."

Akasimama. Nahodha akatazama viti vyake vya rangi ya maziwa, vyote vitupu, kisha akaitazama ndoo. "Lakini Mama... hukukaa."

"Nitakaa nikirudi. Au ulidhani nitarudi nikiogelea?" Akamgeukia Fundi. "Na huo mto uanikeni kivulini, si juani. Juani unapasuka. Ulikuwa hulijui hilo?"

"Nilikuwa sijui, mama," Fundi alisema. Kaka yake akamtazama yeye, akavitazama viti, akamtazama tena, akavuta pumzi ya siki iliyojaa botini, na uso wake ukaanza kuelewa kitu polepole. Aliuchukua tu ule mto, akamkabidhi dada yake, na kwa mara ya kwanza tangu jaketi liibiwe akatembea mikono mitupu.

Ila mikono ya Mama haikuwa mitupu. Kabla ya kushuka aliokota nailoni zote zilizokuwa sakafuni, akazikung'uta, akazikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaziweka kwapani.

"Mama, hizo za kutupa," Fundi alisema.

"Kitu kizima hiki? Hizi kosa lake ni maji. Ndani ya nyumba hakuna maji."

Walipanda kilima kidogo, wakaingia nyumbani. Mama alisimama mlangoni mwa sebule, akayatazama mapazia, akayatazama maua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha macho yake yakatua kwenye makochi ya bluu, mapya, laini, na uso wake ukachanua.

"Mazuri, mwanangu," alimwambia mkwewe, akianza kuikunjua nailoni ya kwanza. "Tena mmeyaacha wazi hivi hivi? Yataharibika! Nishikieni hapa."

Wifi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akashika pembe aliyopewa, atafanya nini. Kisha, Mama alipoinama kuupima urefu, akarudi nyuma hatua moja mpaka bega lake likamgusa Fundi.

"Wifi," alinong'ona bila kusogeza midomo. "Lile bisibisi lako umekuja nalo?"